Bwejuu Mbili

Jumatano ya tarehe kumi na tisa Machi, mwaka elfu mbili ishirini na tano, watu wakiwa na saumu zao, Mwanahalima alishikwa na tumbo kisiwani Bwejuu alikokwenda kumtazama mwanawe, na boti ya wagonjwa ilikuwa imefungwa Kilindoni, bandari ya Mafia, mafuta yapo, nahodha yupo, haikuja. Ndivyo mumewe Taufiki alivyomsimulia kila aliyekwenda kumpa mkono wa pole, na hakupunguza neno.

Kuitwa iliitwa. Hilo alilijua baada ya maziko. Faraja, muuguzi wa Bwejuu, aliandika kwenye simu ya kazi jina la mgonjwa na jina la kisiwa, akabonyeza, na simu ikasema ujumbe umekwenda. Kuongea kwa simu kule ni bahati, mtandao unakatika neno likiwa mdomoni. Ujumbe mfupi ndio unaopenya. Ukapenya kweli, ukaenda Unguja. Kule nako iko Bwejuu. Dereva wa gari la wagonjwa akaliwasha, akapita mlango kwa mlango akimuulizia Mwanahalima, akaonyeshwa mmoja, mzima wa afya, anaanika mwani. Bibi yule akamwambia, "Mwanangu, mimi siumwi. Nani kakutuma unitabirie?"

Saa hiyo Mwanahalima wa Taufiki alikuwa ameshaacha kulalamika.

Tangu hapo Taufiki alikuwa na neno moja tu mdomoni: wakubwa. Yeye mkwezi wa minazi, shule aliiacha darasa la nne, lakini hakuhitaji cheti kujua kwamba mtu fulani, kwenye kiti cha kuzunguka, alikichezea kisiwa cha watu. Alimwomba mtu amwandikie barua, akaipeleka kwa mkono wake hospitali ya Kilindoni: anataka jina la aliyefanya hivyo, lisomwe mbele za watu.

Programu iliyoupeleka ujumbe ule, inayolitazama jina la mahali na kuitafuta namba yake, iliitwa Fikisha. Ilikuwa programu huria, maandishi yake yamewekwa hadharani, yeyote aweza kuyasoma na mjuzi kuyatengeneza, wakubwa wakiidhinisha. Kidawa, binti yake mkubwa aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa waliojitolea. Wakati ule mama yake yuko hai, Taufiki alimuuliza barazani anafanya nini hasa.

"Naondoa maonyo, baba. Kuna kikaguzi kinayasoma maandishi kabla programu haijaendeshwa. Penye walakini kinaweka alama ya njano. Hapa neno limerudiwa, hapa kitu kimewekwa na hakitumiki. Natengeneza, alama inaondoka."

"Wanakulipa?"

"Hawalipi."

"Basi unafagia uwanja wa watu bure," alisema, na Mwanahalima akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani.

Baada ya msiba Kidawa hakuifungua tena kompyuta barazani. Alijifungia nayo chumbani, na chakula alikigusa kwa ncha za vidole. Taufiki alidhani ni huzuni. Kila mtu ana yake.

Yeye sasa alikuwa akiliwa na hofu ya Sabra, binti yake mdogo, aliyeolewa hukohuko Bwejuu. Sabra alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, na Faraja alishasema wazi kwamba huyu asijifungulie pale. Wakwe walikataa avushwe kabla uchungu haujaanza. Boti ipo, wakasema, itaitwa.

Itaitwa wapi?

Alikwenda kwa nahodha, Abeid, kumwomba aende siku atakapoambiwa kwa mdomo.

"Kaka, mafuta nafunguliwa kwa ujumbe," alisema Abeid. "Bila ujumbe sina hata lita ya kuoshea mikono."

"Na ujumbe ukienda Unguja?"

"Basi na mimi nifuateni Unguja." Alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

Taufiki alirudi nyumbani mvua ya masika ikimpiga mgongoni, akasimama mlangoni kwa Kidawa. "Nionyeshe hiyo Bwejuu."

Kidawa aligeuza kompyuta. Yalikuwa majina ya mahali na namba za simu, safu kwa safu. Bwejuu ya kwanza ilikuwa salama. Ya pili ilipigwa mstari mwekundu. Taufiki alisogeza kidole juu ya namba, polepole, kama anavyosoma siku zote.

"Hii ni namba ya Abeid."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini imefutwa?"

"Kikaguzi kilitoa onyo kwamba jina limerudiwa. Kikataka libaki moja."

"Na aliyefuta hakutazama namba? Mtu wa Ulaya huyo."

"Mtu wa Ulaya angetazama," alisema Kidawa. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Asiyejua Bwejuu ni nini angesoma namba moja moja. Mtu wa hapa hana haja. Tangu mdogo anajua Bwejuu ni moja, anaiona kule baharini. Akiikuta imeandikwa mara mbili, anajua kabisa kuna aliyeirudia."

Chini ya mstari mwekundu palikuwa na jina la aliyefuta. Herufi sita. Taufiki alizisoma, akazirudia, akafunika kompyuta kwa kiganja kama mtu anayefunika chungu kisiingie moshi.

"Nimeshaitengeneza," binti yake alisema nyuma ya mgongo wake. "Moja nimeiita Bwejuu ya Mafia, nyingine ya Unguja. Kikaguzi kimekubali. Inasubiri mkubwa aidhinishe. Namwandikia kila siku."

Usiku ule walikula sahani moja, bila kutazamana.

Mtu wa Fikisha alifika Ijumaa ile, baada ya swala. Alikuwa Jawad, mjukuu wa mwenye duka la Jafferali pale Kilindoni, sasa mratibu anayekaa Dar. Watu walijaa chumba cha mkutano, Abeid dirishani, Kidawa karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee Taufiki."

"Marahaba. Umekuja na boti au umekuja na maneno?"

Wengine waliguna. Jawad alitoa simu yake. "Mzee, uliomba jina la aliyefuta. Jina tunalo. Nilisome?"

Taufiki hakugeuka kutazama mlangoni. "Usilisome."

"Lakini barua yako..."

"Nimeshalijua. Ni mtoto aliyejitolea. Sasa niambie wewe, mtoto akifuta, inafutika hapohapo?"

"Hapana. Lazima mkubwa apitie, aidhinishe."

"Alipitia nani?"

Jawad aliisogeza simu juu, akaisogeza chini. "Hapa pameandikwa 'wasimamizi'. Ni akaunti moja, wanaitumia wengi."

"Na tengenezo la kuirudisha Bwejuu yetu, anasubiriwa nani?"

"Wasimamizi."

"Walewale."

"Mimi ni mratibu tu, mzee. Kitufe sinacho."

Taufiki aliinuka. Mwanawe mmoja alikuwa mlangoni, kompyuta kifuani, mwingine yuko ng'ambo ya maji, miguu haiingii kwenye ndala. "Kidawa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu siku ile. "Fungua mashine yako. Uliniambia maneno ya huko yanasomwa na dunia nzima. Andika ninayosema, weka na jina lako."

Kidawa aliandika amesimama, machozi yakidondokea vitufe. Jawad alisema huo si utaratibu. Hakuna aliyemsikiliza.

Sabra bado yuko Bwejuu, na Faraja anasema mtoto ameshageuka kichwa chini. Tengenezo halijaidhinishwa. Chini yake yako maneno ya Taufiki, mahali pa wazi, na wasimamizi wanapita hapo kila siku: mliokubali Bwejuu yetu ifutwe, ni nani kati yenu?