Nusu ya Neno la Nehemia

Msinione nimekunja uso. Chai yangu nzuri, maandazi ya leo, na madereva wote wa wageni hapa Karatu wanajua Mama Judith ana mdomo. Anayetaka tabasamu akalale lodji.

Mume wangu Nehemia alikuwa mwongoza watalii. Kila akirudi safari aliniletea neno moja la Kiingereza, kama wenzake wanavyoleta vitunguu vya Mang'ola. Jioni ya kwanza alinipa maana, jioni ya pili asili yake: limetoka kwa nani, limefikaje. Akimaliza namwuliza, "Na kesho?" Ananijibu, "Kesho lingine, mke wangu."

Neno la mwisho alinipa hapa hapa, akichovya andazi kwenye chai. "Hili siyo la kuzama moja kwa moja," akasema. "Kitu kinaingia majini, lakini mkono haujakiachia." Asili yake angenipa akirudi. Asubuhi akashuka kreta na wageni, moyo ukamsimama huko huko Ngorongoro.

Najua simu zipo. Brian, dereva aliyepewa gari la Nehemia, aliwahi kuniambia, "Mama, si nilitafute Google tu?" Nilimfukuza na mwiko. Ile nusu iliyobaki ndiyo kitu pekee tulichokuwa hatujamaliza. Nikiisikia kwa mtu mwingine, mimi na Nehemia tumeshamaliza kuongea. Na nyumbani naongea na nani? Judith yuko Dar, anapiga Jumapili, tena akiwa na haraka.

Sasa leo nimeamka, neno lenyewe halipo. Maana naikumbuka, andazi nalikumbuka, mpaka vidole vyake. Neno limefutika. Niliogopa kuliko siku ya msiba, na siyo utani. Siku ya msiba nilikuwa na watu.

Brian alipoingia hata sikumwachia amalize shikamoo yake.

"Marahaba, kaa. Toa hiyo simu. Nitafutie neno la Kizungu la kuchovya."

"Dip?"

"Hapana."

"Immerse?"

"Hilo la kuzamisha kitu chote! Nakwambia andazi, chai, na mkono haujaachia. Wewe unaongoza wageni gani?"

Akacheka, akauma andazi, akahangaika na simu. "Dunk?"

Weee! Nikashika meza. Ndilo. Nikalitamka mara nyingi, wateja wakaacha kunywa wakanitazama, na mimi sikujali.

"Mama, na asili imeandikwa hapa chini," Brian akasema, akaanza kuigeuza simu nisione. Alikuwa anaukumbuka mwiko. Nikafikiri: leo limepotea neno, kesho itapotea maana, keshokutwa uso wa Nehemia.

"Soma," nikasema.

Akasoma polepole. Ni la Wajerumani waliohamia Marekani zamani, wakakaa Pennsylvania. Kwao lilikuwa neno la kuchovya tu. Majirani zao wanaoongea Kiingereza wakalisikia, wakalichukua.

"Basi?"

"Basi, mama. Limeishia hapo."

"Na kesho?" Lilinitoka lenyewe, kwa mazoea.

Brian hakujua. Alifuta makombo mdomoni akanijibu kama mtu yeyote anavyojibu. "Kesho alfajiri nashuka kreta, mama. Wageni wangu wanataka kuona faru."

Nikamfungia maandazi ya njiani, mengi kuliko anayoweza kula, machozi yananitiririka na wateja wote wanaona. Alipoyapokea nikamkamata mkono.

"Urudi," nikamwambia. "Unanisikia wewe? Urudi."