Mgeni Kwenye Kochi la Mtabiri

Mgandamizo mkubwa wa hewa ulifika nyumbani kwa mtabiri wa hali ya hewa asubuhi, mkewe akichuja chai. Uliingia kwa mlango wa mbele kama mtu mwenye adabu zake, ukapita katikati ya sebule, ukaketi kwenye kochi kubwa. Mto wa kochi ukadidimia mpaka mbao zikalia. Pazia lililokuwa linapepea likatulia tuli. Mvuke wa chai ukashindwa kupanda, ukamwagika pembeni mwa kikombe na kutambaa mezani.

"Tuna mgeni," alisema mke.

Mtabiri alimjua. Wiki nzima alikuwa anamwona kwenye ramani za kazini, akijijenga na kunenepa. Mgeni wa aina hii hapiti njia tu. Akishakaa mahali, mawingu hayasogei, mvua haishuki, na jua linafanya litakavyo mpaka aamue mwenyewe kuondoka. Na kwa jinsi kochi lilivyobonyea, huyu hakuwa na haraka yoyote.

Mke akaongeza kikombe. Mgeni hakunywa.

Siku hiyo kazini ilikuwa siku ya kupatana. Desturi ya watabiri wa ukanda ule ilikuwa hivi: tangu mwanzo wa kiangazi, mwelekeo wa hali ya hewa hausomwi redioni mpaka vituo vyote viwe na neno moja. Wanapigiana simu, kila mtu anakunywa chai yake huko aliko, wanapatana. Kituo kimoja kikipinga, kazi inaanza upya, na nani anataka kuanza upya chakula cha mchana kikinukia? Vituo vingine vyote vilikuwa vimeshasema manyunyu.

"Mimi naona mgandamizo unajijenga," alisema mtabiri.

"Umeuona wapi?" aliuliza mkuu wa kituo.

"Kwenye ramani. Na kwangu pia. Umekaa kwenye kochi."

Mkuu akafikiri kidogo. "Kochi lako si ukanda mzima."

Kwenye simu watu wakacheka, na mmoja akauliza kama anayesema ni Mwamvuli. Hapo ndipo alipokwisha. Mwaka uliopita alitangaza jua kali, na siku ya michezo ya shule mvua ikapiga hadi milingoti ya magoli ikang'oka. Tangu hapo mji mzima ulimwita Mwamvuli. Wauza magazeti walimwita hivyo, na daktari wa meno naye, koleo mkononi. Jamani, mtu mzima, msomi, anaogopa kuchekwa kuliko kukosea! Lakini ndivyo alivyokuwa, tutafanyaje. Akasema, "Basi, manyunyu." Na kwa kuwa ndiye mwenye sauti nzuri, yeye ndiye aliyeyasoma redioni.

Jioni dada yake alipiga simu. Dada huyu alikuwa mjane, analima maharage mbali na mji, na ndiye aliyemlea mtabiri baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Simu ilikuwa mezani kule nyuma ya kochi, ikambidi mtabiri ajibanze kupita magotini pa mgeni.

"Mdogo wangu, nimebaki na debe moja la maharage. Niyapande, au niwapikie watoto tungoje mvua za mwakani?"

"Si umesikia redio, dada?"

"Redio nimeisikia. Nakuuliza wewe."

Mgeni alikuwa anahema taratibu, na kila akihema masikio yalikuwa yanaziba. Mtabiri akageukia ukuta.

"Panda," alisema.

"Ahsante, baba. Sasa moyo umetulia."

Mtabiri hakula siku ile. Mke akaiweka sahani yake mbele ya mgeni, kwa heshima tu.

Kisha jua likawaka. Liliwaka kila siku iliyofuata, bila wingu la kusingizia. Mgeni alibaki kochini, akitanuka kidogo kila asubuhi, na familia ikazoea kukaa kwenye viti vya jikoni. Mtaani watu walimpungia mtabiri mkono: "Mwamvuli! Umetukosesha tena!" Kwa hiyo hata lile jina, alilolikimbia mpaka akamdanganya dada yake, lilibaki palepale.

Dada alikuja bila kupiga simu. Siku zote alikuwa anakuja na kikapu kimejaa, sharti mtu ampokee mlangoni. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu, hajui aiweke wapi. Akaketi kwenye kochi kando ya mgeni, na kochi likamwinamisha upande wa mgeni.

"Hujambo, mgeni," alimwambia. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Yaliota majani mawili mawili. Niliyamwagilia kwa kopo mpaka kisima kikatoa tope. Nimekuja kuomba unga, mdogo wangu. Watoto wanalala na uji mwepesi."

Mtabiri alitazama viatu vyake.

"Usijilaumu," dada akaendelea. "Majirani walitaka kukusema, nikawakatalia. Nikawaambia, huyu nimemlea mimi, angejua angeniambia."

Heri angemzaba kofi. Masikio yalimwaka moto.

Mke akaingia na chai. Dada akapokea kikombe, akamwonyesha mgeni kwa kidevu. "Wifi, huyu mmempata lini?"

"Huyu? Wa siku nyingi, wifi. Alikuja hata kabla ya ile simu yako ya maharage. Siku ile ulipopiga alikuwa hapo hapo, baba watoto akapita kwa shida kuishika simu."

Dada akanywa chai. Aliinywa yote, bila haraka, mpaka majani ya chini. Akaweka kikombe.

"Sukari imekaa sawa, wifi," alisema. "Unga unifungie vizuri, nitaubeba kichwani."

Alimuaga mke, akamuaga mgeni. Mtabiri akafungua mdomo, na maneno yakatoka: nisamehe, dada. Lakini hewa ya sebule ile ilikuwa nzito, hayakufika. Yalianguka kwenye zulia katikati yao, mazima kabisa, wala hayakuvunjika. Angeinama angeyaokota, angemkabidhi mkononi. Dada alisimama mlangoni kidogo, akiurekebisha mzigo. Mtabiri akayasukuma kwa mguu chini ya kochi.

Siku ya kupatana ilipofika tena, vituo vingine vyote vilisema manyunyu. "Kuna anayeona tofauti?" aliuliza mkuu. Mtabiri alikuwa anakoroga chai. Akaenda kuyasoma redioni.

Aliporudi alimkuta mke anafagia. Ufagio ulikuwa umeyatoa yale maneno, yana vumbi lakini bado yanasomeka.

"Haya ya wifi hayajafika," alisema mke. "Nimpelekee?"

"Acha. Nitayapeleka mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho," alisema mtabiri.

Mke akayarudisha chini ya kochi, mgeni akiinua miguu kumpisha. Jikoni redio ilikuwa inarudia taarifa, na sauti nzuri ya mumewe ilikuwa inasema kesho kutakuwa na manyunyu.