Mahali Palipopakwa Kijivu

Ramani ya Mbale ilikuwa imebakiza barabara mbili tu igeuke kijani yote, na simu ya Bushira ilikuwa kimya.

Kazi yake, pale Nalufenya mjini Jinja, ni kuwapangia wagawaji wa vipeperushi njia za kupita. Programu ya kompyuta humwonyesha kila paa la nyumba. Yeye huukata mji vipande, humpa kila mgawaji kipande chake, na mgawaji akipita na simu mfukoni, mtaa hugeuka kijani wenyewe. Dawa ya meno, mikutano ya injili, shule mpya, wagombea na ahadi zao, vyote vimepita mikononi mwake. Mara hii kipeperushi kilikuwa na picha ya mama yake.

Mama Zulaika alipotea Malukhu, huko Mbale, alikokuwa akiishi na Jamiru, mdogo wake Bushira. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka kidogo kidogo, kama unga unavyovuja kwenye mfuko uliotoboka. Asubuhi moja alijifunga leso, akasema anakwenda kupika, akatoka. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Wahenga hao, nadhani, hawakuwa na mama anayesahau mtaa wake.

Jamiru alitaka kutoka kwa miguu, aulize popote moyo utakapomtuma. Bushira akamkatalia kwenye simu.

"Utazunguka bure, Jamiru. Ramani itatuonyesha tumepita wapi na wapi bado."

"Dada, Mama hatembei na ramani."

"Nisikilize mimi. Kaa nyumbani, asije akarudi akakuta mlango umefungwa."

Jamiru akakaa. Katika familia ile neno la dada mkubwa halivunjwi, na hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe.

Bosi wa Bushira, Conrad, hakuwa mtu mbaya. Alimpa karatasi, akampa na wagawaji wa Mbale chini ya Tonny, msimamizi wao. Wakaanzia Malukhu, wakaingia sokoni, wakapanda mpaka kwenye migomba ya Wanale. Kila jioni Bushira alitazama kijani kikisambaa, na kila jioni moyo wake ulipanda kidogo ukashuka sana. Watu walipiga simu, si kwamba hawakupiga. Mmoja alimwona mzee wa namna hiyo Soroti. Mwingine alijua alipo, ila atumiwe nauli kwanza. Mtafutaji hachoki, husema watu walioshiba. Bushira alichoka, chakula kilimshinda, na kila alipofumba macho aliona mapaa.

Kisha barabara zile mbili nazo zikageuka kijani. Ramani nzima ilimeremeta kama shamba baada ya mvua, na Mama hakuwemo. Hapo Bushira alilia ofisini mbele ya watu, kwa sauti, kwa sababu mji ulikuwa umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Kulikuwa na viraka vya kijivu. Mwaka uliotangulia, mgawaji mmoja aitwaye Otim aliingia ndani ya uzio wa serikali na mfuko wake wa vipeperushi, akashikwa, akalala ndani. Conrad akaamuru kila kambi na kila makazi ya askari yapakwe kijivu, programu isihesabu hata paa moja humo, na mgawaji akikanyaga kijivu simu yake ilie, iendelee kulia mara kwa mara mpaka atoke. Bushira ndiye aliyepaka. Alipofika kwenye laini, yaani safu za nyumba, za askari magereza wa Mbale hakumwuliza mtu mpaka unapita wapi. Alijua uzio unakatia wapi penye mfenesi, kwa kuwa alizaliwa humo. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa askari magereza, na alipostaafu ndipo akawahamishia Malukhu.

Lakini Mama hakuwahi kupasifia. Vibanda vya mabati, alikuwa akisema, joto la kuokea mkate, sirudi hata kwa kufungwa kamba. Basi nani angedhani? Na mtu akitazama kijivu kila siku ya kazi, mwishowe macho yake yanamwambia kwamba pale hapana watu.

Kesho yake simu ililia.

"Halo? Mimi naitwa Docus, bibi ya afande mmoja huku kwa laini ya magereza. Nimenunua chapati kwa geti, wameifunga na karatasi. Karatasi iko na picha ya mzee."

Bushira alisimama. "Umemwona?"

"Wewe ni nani yake?"

"Mtoto wake."

"Njoo tu, dada. Hii si maneno ya simu."

Bushira alifika Mbale mchana, akampitia Jamiru, wakaenda pamoja mpaka getini. Muuza chapati alikuwa na bunda zima la sura ya Mama, limewekewa jiwe lisipeperuke. Mgawaji fulani alichoka jua akamwachia, kosa ambalo Bushira huwafukuzia watu kazi. Karatasi hizo ndizo pekee zilizowahi kuvuka geti lile. Walipovuka wao, simu ya Bushira, yenye programu ile ile, ikalia mkobani. Hakuitazama.

Docus aliwapokea kwa mikono miwili, akawapeleka mpaka kwenye kibanda cha mwisho, karibu na mfenesi. Bushira aliujua mlango kabla hajaonyeshwa.

"Alikuja anasalimia afande wa geti vizuri kabisa, jambo afande, kama mutu ya hapa. Nani atamuzuia?" Docus alisema. "Nyumba hii haina mutu, akalala humu, kila asubuhi anafagia hapa mbele. Anasema bwana yake iko zamu. Sisi tulifikiri ni mugeni ya nyumba ile, na wao wanafikiri ni mugeni yetu. Chakula tulimupa, dada. Usifikiri alilala njaa."

"Halafu?"

"Akapata homa. Ndiyo sasa tunauliza, huyu ni mama ya nani? Hakuna. Ijumaa akatuacha. Tulikuwa tunaona anasali, tukaita shehe, wakamuzika vizuri."

Jamiru alikaa chini, pale pale penye vumbi lililofagiliwa na mama yake. Hakumlaumu mtu, na afadhali angelaumu.

"Mimi ningeanzia hapa," alisema polepole. "Siku ile ile, dada. Ningeanzia hapa."

Bushira alishika ukingo wa mlango, bati likamchoma kiganja kwa jua, hakuutoa mkono.

"Hamkumpeleka hospitali?" aliuliza mwishowe.

"Tulitaka. Akakataa, akashika hapo umeshika wewe." Docus alijipangusa macho kwa leso. "Akasema musinipeleke mbali. Mutoto yangu mukubwa anajua hapa, atakuja."

Simu ikalia tena mkobani, ule mlio wa kumfukuza mtu aliyekanyaga kijivu. Ililia, ikaendelea kulia, na Bushira hakujisogeza.

"Pokea, dada," Docus akamwambia kwa upole. "Labda ni watu ya nyumbani."