Kishungi Mgongoni mwa Josia

Mtoto wa pili wa Milembe alizaliwa na mgongo wazi kama dada yake Nyamizi, lakini yeye hakumaliza wiki. Mzee Maganga, baba mkwe, hakungoja matanga yaishe.

"Mkamwana huyu ametuletea ugonjwa wa kwao. Ng'ombe zetu zirudi, Josia aoe kwingine."

Mkewe, Bibi Veronica, hakuwahi kumpinga. Kutii alikuzoea kama jembe lake. Lakini alimpenda Milembe, na Nyamizi, mjukuu wa miaka mitatu, miguu yake ilikuwa imelala. Alikwenda popote mgongoni mwa mama yake. Siku ya kliniki Bariadi, bibi alijikokota akaenda nao, akamvuta na mwanawe Josia.

Daktari, dada mpole, akawaeleza. "Mgongo wazi una aina zake. Upo uliojificha chini ya ngozi, nje unaona kishimo tu, au kishungi cha nywele. Upo wenye mfuko wa maji. Huu wa Nyamizi ndio mzito, mishipa ya fahamu imetoka nje. Familia ikishapata mmoja, hatari ya mwingine huongezeka. Wakiwa wawili, zaidi. Ugonjwa unaweza kupitia kwa mama, kwa baba, hata kwa wote. Si kosa la mtu."

"Nywele?" bibi akauliza. "Josia, vua shati."

Josia akavua kwa haya. Kishungi kilikuwa pale juu ya kiuno, kile Maganga alichokisifu miaka yote kuwa mkia wa fahali, alama ya utajiri. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wake wa mgongo haukufunga.

Bibi alirudi kijijini Shishiyu moyo mwepesi. Akayasema yote mbele ya Maganga na mbele ya Maige, baba yake Milembe, aliyekuja kwa maneno ya mahari. Sasa nani angemfukuza Milembe?

Maige akacheka bila furaha. "Kumbe fahali wenu ndiye mwenye kilema, na mtamba wetu ndiye mnayemrudisha. Milembe, funga mizigo. Sirudi hapa kuzika mjukuu mwingine."

"Na Nyamizi?" bibi akauliza.

"Ng'ombe mlitoa. Mtoto ni wenu."

Milembe alimtazama Josia. Josia akainuka akaenda zizini.

Asubuhi Milembe alimketisha mama mkwe mkekani, akampa mpira mwembamba wa kumtolea mtoto mkojo.

"Nawa kwanza, mayu, mama yangu. Pitisha polepole mpaka mkojo utoke. Hata usiku usiache, figo zitaharibika."

"Sioni tundu, mwanangu."

"Papasa."

Bibi akapapasa. Nyamizi akalia akimwita mama yake, ambaye bado alikuwa pale, mfuko wa nguo begani.