Alama ya Chaki kwenye Kopo la Chumvi

Mke wangu alinipeleleza miezi mitatu mizima, na mimi mtuhumiwa nilikuwa na presha ya mia na tisini.

Sisi ni mafundi cherehani, chumba kimoja, mashine mbili zinazotazamana. Nilimeza vidonge vya aina tatu, presha haisikii. Daktari alishaniambia nipunguze chumvi, akanionya juu ya kiharusi. Mama watoto akapata jibu lake: nadanganya. Kwenye kopo la chumvi akachora mstari wa chaki ya kukatia nguo, aone kama naiba. Na kila nikimeza dawa:

"Toa ulimi, baba watoto."

"Umeniona mtoto?"

"Mtoto simfuati chooni."

Hapo ndipo kesi iliponielemea. Kila nusu saa nilikuwa mbio chooni, naye akaapa nakwenda kutema. Miguu nayo ikanisaliti: kanyagio lilikuwa zito kama limefungwa mawe, na vidole vilikakamaa katikati ya pindo.

Wala mimi sikuwa malaika. Dawa alizitunza yeye, kwenye kopo la vifungo. Nikawa nakagua kila kidonge, nisije nikatibiwa kwa kifungo cha shati.

Siku ya kliniki akanishtaki. "Anatema, daktari! Chooni habanduki."

Daktari hakucheka. "Mara ngapi kwa siku? Na miguu ina nguvu?" Akaagiza damu ipimwe, kisha ipimwe tena.

Majibu yakaja. "Mzee hakudanganya. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya aldosteroni. Yake inazidi. Inaziamuru figo zishike chumvi na kumwaga potasiamu. Chumvi inabaki na maji, presha inapanda. Potasiamu ikipungua, misuli inalegea na mkojo unaongezeka."

Akaandika kidonge cha kuizuia homoni hiyo, akaagiza na picha ya tezi. Chumvi, akasema, iendelee kupunguzwa.

Tulipofika nyumbani, mama watoto akaufuta ule mstari kwa kidole gumba. Nikajua nimeachiwa huru. Nikameza kidonge kipya kwa maringo, nikainuka kwenda chooni.

"Toa ulimi kwanza."

"Si umemsikia daktari?"

"Nimemsikia. Tezi yako inazidanganya figo zako mwenyewe, zinazolala nayo tumbo moja. Wewe utashindwa kunidanganya mimi?"

Nikatoa ulimi.