Ubatizo Ndani ya Jabali

Yudith alipoambiwa na Faustina, mama mkwe wake, kwamba wataenda pamoja kuyaona makanisa ya jabalini, alifurahi hata akashindwa kuficha. Tangu aolewe na Eliamini, Faustina hakuwahi kumwalika popote. Yudith hakuwa amezaa, na pale nyumbani kwao Same jambo hilo lilizungumzwa wakati wa chakula kana kwamba yeye hayupo.

"Wanawake wengi wameombea kule wakapata," Faustina alisema. "Twende na mumeo."

Gari liliwaacha mlimani, wakateremka kwa miguu kupitia mashamba ya tangawizi. Hata Same kwenyewe ni wachache wanaolijua bonde lile. Makanisa ni matatu, yamechongwa ndani ya jabali na watu wa kale, nguzo na viti vyote vikiwa jiwe lile lile la ukuta. Yudith aligusa nguzo, ikamshtua kwa baridi. Alianza kuomba kimoyomoyo palepale.

Kanisa la tatu lilikuwa na watu. Mchungaji alisimama mbele, kando ya kisima kidogo kilichochimbwa mwambani. Kwenye kiti cha kwanza alikaa binti mwenye mtoto mchanga. Eliamini alikwenda moja kwa moja akaketi karibu naye.

"Yule ni Irine," Faustina alinong'ona, akiwa amemshika Yudith mkono. "Mtoto ni wa Eliamini. Nimekuleta uone mwenyewe, tena kanisani, ambapo huwezi kupiga kelele. Wewe ndiye mama yake wa ubatizo. Jina lako nimeshampa mchungaji."

"Kwa nini mimi, mama?"

"Ili kesho usiseme hukumkubali."

Mchungaji akaliita jina lake. Watu wakageuka. Yudith akaenda mbele, na Irine akamwekea mtoto mikononi bila kumtazama. Alipoulizwa kama atasaidia kumlea katika imani, alijibu ndiyo, na dari ya jiwe ikamrudishia sauti yake. Eliamini alikuwa akipiga picha kwa simu.

Walipokwisha kula pilau ya ubatizo, Faustina alisema gari limejaa na mtoto hawezi kubanwa. Wangemtuma dereva arudi kumchukua Yudith. Yudith alisubiri barabarani mpaka jua likazama. Mke wa mzee mmoja wa kanisa alimwonea huruma, akamlaza kwake, na asubuhi akamtafutia bodaboda.

Alipofika nyumbani Same, Irine ndiye aliyemfungulia mlango. Alikuwa amejifunga kitenge cha Yudith. Nguo nyingine zote zilikuwa barazani, zimefungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, dada. Karibu ndani."

"Usimsimamishe mgeni mlangoni," Faustina alisema kutoka jikoni. "Mpe kiti."

Yudith alikaa, akanywa chai aliyopewa, kisha akabeba furushi lake kwenda kwa kaka yake kule Kwakoa. Eliamini hakutoka chumbani.