Ziwa la Mzee Pankras

Asubuhi ya Jumatatu Hedwiga alianika usipa upande wake wa ua, Mzee Pankras akaanika kahawa upande wa pili, na katikati wakaacha njia ya kwenda chooni. Ndivyo walivyogawana ua ule mjini Mbinga, mpangaji wa kutoka ziwani na mwenye nyumba Mmatengo. Pankras hakuchoka kulalamika kwamba kahawa yake itanuka samaki. Hedwiga aliitikia "ndiyo, mzee", akaendelea kugeuza usipa wake.

Siku hiyo kitovu cha mjukuu wake kilikatika. Glorious, binti yake aliyejifungua juzijuzi, alitaka kipelekwe kwao Ngumbo kikazikwe. Kwao wapi? Nyumba ya ukoo ilikwisha kumezwa na ziwa mwaka wa mvua nyingi, na hicho ndicho kilichowapandisha milimani. Hedwiga hakutaka mtoto akue bila mahali pa kusema kitovu changu kimezikwa pale. Akachukua jembe, akakizika katikati ya ua, bila kumwomba mwenye nyumba. Hapo alikosea, maana mpangaji hupewa chumba, udongo hapewi.

Kulipokucha palikuwa na ziwa. Maji yalianzia pale alipochimba, yakafika kwenye ngazi ya jiko, na ng'ambo haikuonekana kwa ukungu. Walburga, jirani, aliyaonja, akasema ni ya Nyasa kabisa, akaenda kuchukua ndoo, kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu kahawa ianze kuchumwa. Jumapili baada ya misa mtaa mzima ulifua pale. Wamatengo walichota, Wangoni wakaosha pikipiki, watu wa ziwani wakavua usipa wakiwa wamesimama mlangoni. Hedwiga alifurahi, tena sana. Alijua sasa hakuna atakayemwambia arudi kwao.

Mzee Pankras alikuja na kiti chake, akakaa ufukweni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Glorious. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona. Ila chumba chenu kinatazama maji, na kuna watu wanakitaka."

"Kitovu cha mjukuu wangu kimo humo, mzee. Huyu ni mtoto wa hapa."

"Basi kitoe, uende nacho."

Hakusema kwa ubaya. Hedwiga aliingia majini na nguo zake. Kupiga mbizi alijua tangu utotoni, lakini alizama mpaka masikio yakamuuma asiguse chini. Alilia hukohuko ndani, watu wa juu wakaona mapovu. Alipotoka mikono mitupu, mwenyekiti wa mtaa alieleza kwamba mambo ya mwenye nyumba na mpangaji wake hayaingilii, kisha akajaza madumu yake.

Tangu siku hiyo yeye, Glorious na mtoto walilala kwenye baraza za watu, mtoto akaanza kukohoa. Mchana walizunguka kutafuta chumba, na mji haukuwa ule wa zamani. Wenye nyumba waliokuwa wakikunja pua kwa harufu ya usipa sasa waliwaita wajawazito wa ziwani kwa majina, wakawapa vyumba vya mbele na uji wa moto. Kitovu kikishazikwa uani na maji yakitulia, waliambiwa watafute pengine. Walihama na vichanga vyao mgongoni, wakipishana njiani na wenzao waliokuwa wakihamia. Lo, watu huzoea haraka! Kila mtaa ulitaka ziwa lake, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Kwenye barabara ya kwenda Mbuji, mama mmoja aitwaye Restituta aliwakaribisha. Chumba alikuwa nacho, kikavu, chenye dirisha. Hedwiga alimwambia ukweli, kwamba mtoto hatapita wiki nyingine nje na baridi hii. Restituta alisikitika kweli. Akaomba ampakate, akafunua khanga, akatazama tumbo.

"Kimeshakatika," alisema.

"Ndiyo, mama."

Restituta alimfunika tena vizuri, akamchomekea khanga miguuni asipate baridi, akamrudisha kwa mama yake, akasema chumba kimeshapata mtu.